Mrejesho: kwa nini anayepokea msaada lazima aulizwe

Masika ya mwaka 2024 yalipoujaza Mto Rufiji, mashamba ya bondeni yalizama, nyumba zikazingirwa na maji, na familia nyingi za Rufiji na Kibiti zikalazimika kukimbilia kwenye miinuko. Kufikia katikati ya Aprili mwaka huo, Serikali ilitangaza kwamba watu 58 walikuwa wamepoteza maisha nchini kwa mafuriko ndani ya wiki mbili tu, na Mkoa wa Pwani ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Misaada ililetwa na Serikali, mashirika na watu wenye moyo mwema.

Kila msaada unapofika popote pale, kuna swali moja ambalo husahaulika kwa urahisi: aliyeupokea aliulizwa? Unga umefika, lakini sufuria ya kupikia ipo, au ilikwenda na maji? Mablanketi yamegawiwa, lakini mzee asiyeweza kutembea hadi kwenye gari la mgao alipata? Orodha ya majina ilisomwa, lakini yule aliyekuwa kwenye dungu lake ng'ambo ya mto siku ya kuandikishwa, jina lake lilikuwemo?

Makala haya yanaeleza mrejesho ni nini, ulianzaje kupewa uzito katika kazi za misaada, unakusanywaje, na unaishia wapi. Mifano mingi tumeichukua kwa wakimbizi, kwa sababu ni kwenye kambi zao, nyingine zikiwa hapa hapa Tanzania, ndiko jambo hili limejaribiwa kwa miaka mingi. Mwishoni tunarudi nyumbani, kwenye bonde letu.

Mrejesho ni nini?

Mrejesho ni taarifa inayorudi kutoka kwa anayehudumiwa kwenda kwa anayehudumia. Inaweza kuwa shukrani, swali, pendekezo, lalamiko au taarifa ya uovu. Vyote hivi ni mrejesho, ila havishughulikiwi kwa namna moja. Mtu anayeuliza mgao ni lini anaweza kujibiwa hapo hapo. Anayesema mahindi yana wadudu anahitaji mtu wa ghala. Anayesema ametakiwa rushwa ili jina lake liandikwe anahitaji uchunguzi wa siri, na mtuhumiwa asiwe ndiye anayepokea barua yake.

Mrejesho una safari nne: kusikilizwa, kuandikwa, kufanyiwa kazi na kujibiwa. Safari ya nne ndiyo inayokatika mara nyingi. Watu wanaulizwa, wanajibu, daftari linafungwa, gari linaondoka. Mara ya pili wakiulizwa wanajibu kwa uvivu. Mara ya tatu hawaji kabisa, na mhudumu anaandika kwamba jamii haina malalamiko.

Somo la Ngara, 1994

Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, karibu watu 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo na kuingia wilayani Ngara ndani ya siku moja hivi. Kambi ya Benaco ikaota ghafla kama mji. Mashirika yalikimbizana na maji, chakula na vyoo. Ili kugawa chakula haraka, walitumiwa viongozi ambao wakimbizi walikuja nao kutoka huko kwao. Ilionekana njia rahisi, lakini baadhi ya viongozi hao walikuwa wamehusika na mauaji, na mamlaka juu ya chakula iliwapa nguvu juu ya watu. Hesabu za watu zilivimba, na wanyonge walipunjwa.

Hapo likapatikana somo ambalo bado lina kazi leo: ukimuuliza kiongozi peke yake, utasikia habari za kiongozi. Hata pale kiongozi ni mtu mwema, hawezi kujua yote yanayomsibu mjane au kijana mlemavu wa nyumba ya mwisho.

Mwaka 1996 ilitolewa tathmini kubwa ya pamoja kuhusu msaada wa dharura uliotolewa kwa Rwanda. Tathmini hiyo ilionyesha kwamba mashirika yaliwajibika zaidi kwa waliotoa fedha kuliko kwa waliopokea msaada. Mwaka uliofuata mashirika yalianza kuandaa viwango vya pamoja vinavyoitwa Sphere. Mwaka 2014 vikaja viwango vingine vinavyohusu ubora na uwajibikaji, vyenye ahadi tisa, mojawapo ikisema kwamba malalamiko yakaribishwe na yashughulikiwe. Viwango hivyo vilipitiwa upya mwaka 2024.

Ngara pia iliacha kumbukumbu njema kwetu watu wa redio. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara, ili wakimbizi na wenyeji wapate habari wanazozielewa. Kabla mtu hajatoa maoni juu ya huduma, lazima ajue huduma hiyo ni ipi na haki yake ni kiasi gani. Asiyejua kwamba mgao wake ni kilo ngapi hawezi kujua kama amepunjwa.

Aibu ya Afrika Magharibi

Mwaka 2002 ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, pamoja na Save the Children ya Uingereza iliishtua dunia. Ilieleza kwamba huko Guinea, Liberia na Sierra Leone, watoto na wasichana wakimbizi walikuwa wakitakiwa ngono ili wapewe chakula na huduma nyingine, na miongoni mwa waliotajwa kufanya hivyo walikuwemo wafanyakazi wa misaada. Watoto hao hawakuwa na mahali salama pa kusema. Aliyewadhulumu ndiye aliyeshika orodha.

Oktoba 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa waraka unaokataza wafanyakazi wake kubadilishana fedha, ajira, bidhaa au huduma kwa ngono, na kukataza ngono na mtu wa chini ya miaka 18. Waraka huo unamtaka kila mfanyakazi atoe taarifa anapomshuku mwenzake.

Tunalitaja hili wazi kwa sababu linaweza kutokea popote penye shida upande mmoja na orodha upande wa pili. Msaada wa maafa ni bure. Haulipiwi kwa fedha, kwa kuku, kwa kibarua cha shambani kwa mtu, wala kwa mwili.

Njia zinazotumika kambini

Mkoani Kigoma, kambi ya Nyarugusu imekuwepo tangu 1996, ilipoanza kupokea watu waliokimbia vita mashariki mwa Kongo. Mwaka 2015 Warundi walipokimbia machafuko ya kisiasa kwao, kambi ya Nduta ilifunguliwa tena. Katika kambi za aina hii, Tanzania na nchi jirani, njia za kukusanya mrejesho ni hizi:

• Dawati la malalamiko. Meza yenye mtu wa kupokea kero, hasa siku ya mgao. Uzuri wake ni kwamba mtu anahudumiwa ana kwa ana. Ubaya wake, kila aliyepanga foleni anaona nani amekwenda kulalamika.

• Kisanduku cha maoni. Kinaficha jina, lakini kinamfaa ajuaye kuandika. Kikikaa mwezi mzima bila kufunguliwa, kinageuka pambo.

• Simu ya bure. Inamfikia mtu alipo, hata usiku. Lakini inataka mtandao, chaji, na mtu wa upande wa pili anayezungumza lugha ya mpigaji. Mara nyingi simu ya nyumba anaishika baba, na mwenye tatizo ni mama.

• Mkutano wa hadhara. Ni mzuri kwa kutoa taarifa na kusikia kero za wote, kama maji na barabara. Haufai kwa siri, na wenye sauti kubwa huwameza wengine.

• Vikundi vidogo. Wanawake peke yao, vijana peke yao, wazee peke yao, watu wenye ulemavu peke yao. Hapa hutoka mambo ambayo mkutano wa hadhara hauyatoi.

• Kutembelea nyumba baada ya mgao. Maofisa huchagua baadhi ya nyumba na kuuliza: ulipokea nini, kiasi gani, ulitumiaje, uliuza, ulitembea umbali gani, ulihisi usalama?

• Kamati za wakimbizi wenyewe. Huchaguliwa na watu wa eneo, na kanuni nzuri inataka wanawake wawe na nafasi sawa.

Hakuna njia moja inayotosha. Shirika lenye kisanduku peke yake limewasahau wasiojua kusoma. Lenye simu peke yake limewasahau wasio na simu. Lugha nayo ni mlango. Nyarugusu Mkongomani anaweza kuzungumza Kiswahili, lakini Kiswahili cha Kivu kina maneno yake, na Mrundi mzee huenda anajua Kirundi tu. Karani akiandika alichokielewa yeye badala ya alichosema mtu, mrejesho umekwishapotea mezani.

Kuhesabu hakutoshi, lazima uulize

Viwango vya Sphere vinaelekeza angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu wasiozidi 20. Hesabu hizo zinasaidia sana. Lakini kambi inaweza kuwa na vyoo vya kutosha kwa hesabu, na bado wanawake wakavikwepa usiku kwa sababu njia ni giza, mlango hauna komeo, au choo cha wanaume kiko mkabala. Afisa anayekuja mchana na kuhesabu milango ataandika kwamba vyoo vinatosha. Anayekaa na akina mama atajua kwamba kinachohitajika ni taa na komeo.

Mfano mwingine uko kaskazini mwa Kenya, kambi ya Kakuma. Kwa miaka mingi wakimbizi walionekana wakiuza sehemu ya nafaka zao sokoni. Ni rahisi kusema wameshiba, au hawana shukrani. Ukiuliza, unaambiwa kwamba mtu huyo anauza nafaka kwa bei ya hasara ili apate mboga, maziwa ya mtoto, kuni au fedha ya kusagia. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianzisha huko mpango wa Bamba Chakula, ambapo sehemu ya mgao ilitumwa kwa simu kama fedha ya kununulia chakula kwa wafanyabiashara waliosajiliwa, na mkimbizi alichagua mwenyewe anunue nini.

Nyarugusu nako utoaji wa fedha badala ya sehemu ya chakula ulijaribiwa kuanzia mwishoni mwa 2016, lakini ulisitishwa mwaka 2017. Hili linatufundisha kwamba maoni ya wapokeaji ni sauti moja mezani. Sera ya nchi, ulinzi na bajeti navyo vina sauti. Ila sauti ya mpokeaji ikikosekana kabisa, meza hiyo ina mguu pungufu.

Uganda, 2018: malalamiko yalipoleta hesabu mpya

Mwanzoni mwa mwaka 2018 Uganda ilitikiswa na tuhuma kwamba idadi ya wakimbizi ilikuwa imeongezwa, na kwamba misaada ilikuwa ikichepushwa. Serikali na UNHCR waliamua kuhakiki kila mkimbizi, kwa kuchukua alama za vidole na picha za mboni za macho. Kabla ya uhakiki takwimu zilisema wakimbizi milioni 1.4. Uhakiki ulipokamilika Oktoba mwaka huo, walipatikana kama milioni 1.1. Mwaka huo huo ilianzishwa simu ya bure ya pamoja, ili mkimbizi asihangaike kujua shirika gani linahusika na maji na lipi linahusika na chakula. Anapiga namba moja, na kero yake inapelekwa panapohusika.

Wazo hilo la mlango mmoja ni zuri hata kwetu. Mtu aliyefurikiwa hana sababu ya kujua kwamba mahema ni ya ofisi hii na dawa ni za ofisi ile. Anachojua ni kwamba mtoto anaharisha.

Jibu likiwa "hapana"

Kuna wakati mrejesho hauwezi kuleta kile mtu anachoomba. Mwaka 2023 WFP ilipunguza mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Tanzania hadi nusu ya kiwango kinachotakiwa, kwa sababu ya upungufu wa fedha za wafadhili. Katika hali kama hiyo, kumuuliza mkimbizi kama chakula kinatosha ni kumchokoza. Anajua hakitoshi, na anayeuliza anajua.

Kuuliza bado kuna kazi, ikiwa swali litabadilika. Kama kipo nusu tu, kipunguzwe nini na kibakizwe nini? Nani asipunguziwe kabisa, wajawazito, watoto wadogo, wagonjwa? Watu waambiwe wiki ngapi kabla? Jibu la "hapana" lenye sababu na lililotolewa mapema humpa mtu nafasi ya kujipanga. Ukimya humwachia uvumi, na uvumi kambini huzaa ugomvi.

Mwulizaji pia akumbuke ana nguvu gani. Tangu Septemba 2017 Warundi wengi wamerejeshwa kwao kwa mpango wa kurudi kwa hiari. Neno hiari lina maana pale tu mtu anapoweza kusema sitaki bila kuogopa. Ndivyo ilivyo kwa kila swali analoulizwa mtu anayetegemea mkono wa anayemuuliza: atajibu analodhani linatakiwa, mpaka aone kwamba mwenzake alisema ukweli na hakunyimwa kitu.

Sisi wa Rufiji tunalijua hili

Wazee wa bonde letu hawahitaji kusomewa habari za kambini ili waelewe. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji na kuwahamisha watu wa bondeni kwenda kwenye vijiji vya juu. Nia ilikuwa kuwaepusha na maji na kuwasogeza karibu na shule, zahanati na visima. Lakini mashamba yalibaki bondeni, kwenye udongo wa rutuba unaoachwa na mto, ambako mlau hulimwa maji yakishapungua. Nyumba zikawa mbali na shamba. Usiku hakuna wa kulinda, na nguruwe na viboko hawahami kwa operesheni. Wengi wakarudi kuishi kwenye madungu msimu wa kilimo, wakigawa familia sehemu mbili.

Mkulima wa wakati ule angeulizwa, angeeleza kwamba mto huo huo unaobomoa nyumba ndio unaomlisha. Angesema ahamishwe vipi, wapi, na shamba lilindwe na nani. Swali hilo halijazeeka. Mafuriko ya 2024 yamelileta tena, na linahusu kila kaya inayoambiwa ihame au ihamishwe.

Wewe ufanye nini?

Msaada ukija kijijini kwako, iwe Mloka, Utete, Mohoro au visiwa vya delta, mambo haya yatakusaidia:

1. Uliza haki yako mapema. Nani anastahili, anapata kiasi gani, kwa vigezo gani, na orodha imebandikwa wapi? Vigezo visomwe hadharani kabla ya majina.

2. Eleza kero kwa ukamilifu. Nini kimetokea, wapi, tarehe ngapi, watu wangapi wameathirika, na unaomba nini kifanyike. "Wametuonea" haimsaidii mtu kuchunguza. "Kitongoji chetu kina kaya 40, zimeandikwa 25, na zilizoachwa ni za ng'ambo ya mto" inamsaidia.

3. Andika kumbukumbu. Tarehe uliyolalamika, cheo cha uliyemwambia, na siku aliyoahidi kujibu. Usiyejua kuandika, mwambie mwanao wa shule akuandikie, au jirekodi kwa simu.

4. Tumia ngazi. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji na Mtendaji wa Kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji. Uliza ya kijiji chako ina nani, na kama ina wanawake. Mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, ni mahali halali pa kuuliza matumizi ya msaada.

5. Ukiogopa ngazi ya chini, ipite. Rushwa itolewe taarifa TAKUKURU kwa simu ya bure 113. Mtoto anayedhulumiwa, piga 116, nayo ni bure.

6. Linda siri ya mwenzako. Kero ya maji isemwe mkutanoni. Habari ya msichana aliyetongozwa kwa ajili ya mgao isisemwe mkutanoni, wala kwenye kundi la simu, wala redioni kwa jina. Mpeleke panapohusika, na umwache yeye aamue.

7. Dai jibu. Ni halali kuuliza: "Kero tuliyotoa mwezi uliopita imefikia wapi?"

Nanyi mnaoleta msaada, ombi letu ni dogo. Kabla ya kupakia gari, pigeni simu tatu kijijini: moja kwa kiongozi, moja kwa mama, moja kwa mzee au mtu mwenye ulemavu. Mkishagawa, rudini. Mkirudi, anzeni kwa kusema mlichokibadilisha kutokana na mlichoambiwa safari iliyopita, hata kama ni komeo la choo.

Kwetu bonde linajaa na kupungua, na maji yatakuja tena siku moja. Kabla hayajaja, kila kijiji kinaweza kuamua leo nani atapokea kero, ataziandika kwenye daftari gani, na atarudisha majibu siku gani. Kazi hiyo haingoji mfadhili. Inataka daftari, kalamu na mtu mwaminifu.